Batman Alipofika Dakota: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Makutano ya Static Shock

Likizo za shule tunatundika shuka jeupe kwenye ua wa nyumba moja mtaa wa Langoni, hapa Lamu, tukawaonyesha watoto katuni wakishatoka madrasa. Hakuna kipindi kinachozusha ubishi kama kile cha makutano, yaani mashujaa wa hadithi mbili kukutana, Batman anapomtembelea Static, shujaa wa mfululizo wa katuni wa "Static Shock". Ubishi huanzia uani, ukahamia Mkunguni mbele ya Ngome, na usiku ukaingia kwenye simu zetu. Maswali ni yale yale, basi tumeyajibu hapa. Mengi ni ya watoto, mengine ni ya wazazi, na kuna machache ya watu wazima wanaodai kuulizia watoto.

Static ni nani?

Jina lake ni Virgil Hawkins, mwanafunzi wa sekondari katika mji wa kubuni wa Dakota, Marekani. Usiku mmoja magenge yanakabiliana bandarini, polisi wanaingilia kati, mapipa ya kemikali yanalipuka na mvuke unamfikia kila aliyekuwepo. Walionusurika wanajikuta wamegeuka: huyu anawaka moto, yule ameota mabawa, mwingine amekuwa kivuli kinachomeza watu. Mji unawaita Bang Babies. Virgil yeye amepata umeme. Anaruka juu ya kisahani cha chuma anachokikunja na kukitia mkobani, na siri yake anaijua rafiki yake Richie Foley, ambaye baadaye naye anakuwa shujaa kwa jina la Gear.

Baba yake, Robert, anaendesha kituo cha vijana. Mama yake alikuwa mhudumu wa gari la wagonjwa, akauawa kwa risasi wakati wa ghasia za mjini kabla hadithi haijaanza. Kwa hivyo Virgil anapoichukia bunduki, ana sababu yake.

Alizaliwa kwenye vitabu vya katuni mwaka 1993, katika kampuni ya Milestone iliyoanzishwa na Wamarekani weusi wanne: Dwayne McDuffie, Denys Cowan, Michael Davis na Derek T. Dingle. Walimpa jina la mtu wa kweli, Virgil D. Hawkins, ambaye mwaka 1949 aliomba kusomea sheria Chuo Kikuu cha Florida akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Kwenye televisheni alianza tarehe 23 Septemba 2000 na kumaliza tarehe 22 Mei 2004: misimu minne, vipindi 52.

Hicho kipindi cha makutano ni kipi hasa?

Kinaitwa "The Big Leagues", na ndicho kilichofungua msimu wa pili, tarehe 26 Januari 2002. Joker, adui mkubwa wa Batman, anahama Gotham, mji wa Batman, anakuja Dakota kutafuta vijana wenye nguvu za ajabu wa kuwatia kwenye genge lake. Batman na msaidizi wake Robin wanamfuata. Static, ambaye mpaka siku hiyo hajawahi kuwaona ana kwa ana, anajikuta anafanya kazi na watu aliokuwa akiwasikia tu.

Mengine tumeyaacha ili msiojaliwa kukiona mkione wenyewe.

Lazima niangalie msimu wa kwanza wote ndipo nielewe?

La. Angalia kipindi cha kwanza kabisa, "Shock to the System", kisha ruka moja kwa moja hadi "The Big Leagues".

Batman anatoka hadithi nyingine. Aliingiaje humu?

Kwa mlango wa biashara. Vitabu vya Milestone vilisambazwa na DC, kampuni yenye Batman na Superman, na mfululizo wa Static ukatengenezwa na Warner Bros., ambao DC ni mali yao. Wahusika wote wako nyumba moja, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kupiga hodi kwa jirani. Sauti nazo zilikuwa zile zile zilizozoeleka tangu katuni ya Batman ya miaka ya 1990: Kevin Conroy kwa Batman na Mark Hamill kwa Joker. Ndiyo maana mtoto aliyekulia na katuni ile akisikia kile kicheko anakaa wima hata kabla uso haujaonekana.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1994 vitabu vya Milestone na vya Superman vilikutanishwa katika hadithi ndefu iitwayo "Worlds Collide", kupitia mfanyakazi wa posta aliyekuwa akiishi Dakota na Metropolis, mji wa Superman, kwa wakati mmoja. Televisheni ilichelewa tu.

Mbona Batman ndiye mkubwa, lakini kipindi kinabaki cha Static?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na aliyeliuliza alikuwa msichana wa darasa la sita.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Makutano mabaya yanashika nusu ya kwanza ya methali hiyo na kuisahau ya pili. Mgeni maarufu anaingia, anapewa kiti cha mwenye nyumba, anapigana vita vya mwenye nyumba, anashangiliwa na watoto wa mwenye nyumba, kisha anaondoka na jina. Kipindi kikiisha humkumbuki stelingi wa asili alikuwa nani. Tumeviona vipindi vya namna hiyo, na watoto huvichoka haraka, japo hawawezi kukueleza kwa nini.

"The Big Leagues" inafanya kinyume. Batman ana akili, fedha, vifaa na miaka mingi ya kupambana na Joker, lakini hawajui watoto wa Dakota. Hajui yupi ana hasira za kweli na yupi anafuata mkumbo. Static anawajua: amesoma nao, ameonewa na baadhi yao, wengine amewapiga na wengine amewahurumia. Mgeni analeta ujuzi wa adui na mwenyeji analeta ujuzi wa mtaa, na hakuna upande unaotosha peke yake. Angalieni pia jinsi Static anavyojizuia asijionyeshe shabiki mbele ya Batman, huku uso wake mzima unamsaliti. Kijana wa Lamu aliyewahi kupanda mashua moja na nahodha mashuhuri wa mashindano anaijua hali hiyo vizuri.

Na Joker anataka nini kwa vijana wale?

Wazazi, someni hapa.

Joker naye ni mgeni, ila hakuja kumponya mwenyeji. Ana macho ya kumtambua kijana ambaye mji umemkataa. Bang Babies wamekwisha kuitwa vioja: familia zinawaficha, polisi wanawawinda, shule haziwataki. Anakuja mtu mzima mwenye jina kubwa anawaambia, ninyi ni wa maana, njooni kwangu. Hahitaji kuwatisha, vitisho vinakuja baadaye, wakishaingia.

Kila mji wa pwani una mtu wa namna hiyo, na si lazima awe na nywele za kijani. Baada ya kuonyesha kipindi hiki mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani nje, ambaye hata shuka hakuliona, aliniambia kwamba alifuata kwa masikio tu na akaelewa kila kitu. Nikamwamini.

Baada ya Batman, nani wengine walikuja?

Mlango ulipofunguka haukufungwa tena. Nitazitaja safari zenyewe bila kuharibu miisho.

Katika msimu wa tatu, mwaka 2003, kuna "Hard as Nails". Safari hii Static ndiye mgeni, anakwenda Gotham. Msichana wa shule yake, Allie, ngozi yake inageuka chuma, na wahalifu wawili wa kike wa Gotham, Harley Quinn na Poison Ivy, wanamvuta mpaka kwao kwa ahadi ya dawa ya kumponya. Hiki tunakionyesha kwa makusudi kwa wasichana walioanza kuwa na simu zao. Hatutoi hotuba. Kipindi kikiisha, huwa wanaanza kusimuliana wenyewe kuhusu watu wasiowajua wanaowaandikia.

Msimu huo huo kuna "Toys in the Hood", cha Superman na adui yake Toyman, ambacho ni cha kawaida tu. Superman ni mzito kumtumia kwenye nyumba ya mtu: akiingia, tatizo limekwisha, na mwandishi anabaki kutafuta visingizio vya kumchelewesha. Halafu "A League of Their Own", sehemu mbili, ambamo Justice League nzima, lile kundi la akina Batman na Superman, wanahitaji msaada kwa sababu kituo chao cha angani kimeishiwa umeme huku adui Brainiac akiwa amefungiwa humo. Hapa ua mzima hupasuka kwa kicheko. Mashujaa wakubwa wa dunia, stima imepotea, wanamtafuta kijana wa kuirudisha! Lamu inalielewa jambo hilo bila mkalimani.

Msimu wa nne una "Fallen Hero", kuhusu Green Lantern, shujaa wa Justice League, kuonekana akifanya uhalifu, na "Future Shock", kilichotoka Januari 2004, ambapo Static anarushwa miaka 40 mbele na kumkuta Bruce Wayne ni mzee na vazi la Batman linavaliwa na kijana, Terry McGinnis. Static anagundua kwamba yeye mwenyewe wa siku hizo ametekwa na kundi la wahalifu la Kobra, na lazima ajiokoe. Huyo Static mtu mzima alionekana tena mwaka 2005 kwenye "Justice League Unlimited", mwaka mmoja baada ya mfululizo wake kufungwa.

Kile cha Shaquille O'Neal nacho ni makutano?

Hapana. Shaq, mcheza mpira wa kikapu, ni mtu wa kweli aliyealikwa. Makutano ni hadithi mbili zenye mashina yao zikipishana njiani.

Ami, Static angeweza kuishi Lamu?

Tumeulizwa hili na watoto wengi kuliko swali lolote jingine, na kila mmoja anadhani ndiye wa kwanza.

Shida ya kwanza ni maji. Static akilowa, umeme wake unamtoroka. Maji safi kabisa hupitisha umeme kidogo sana, lakini maji ya bahari yamejaa chumvi iliyoyeyuka na yanaupitisha vizuri mno. Sasa mweke kijana huyo kisiwani, maji yajaapo yanapiga ngazi za gatini, watoto wanaruka kutoka ukingoni na kumrushia maji kila anayepita. Adui hahitaji silaha, anahitaji ndoo.

Shida ya pili ni hewa. Umeme tuli haukai vizuri penye unyevu. Chukua kitana, kisugue kwenye nywele kavu, kisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi uone vinavyorukia. Fanya hivyo siku kavu ya kaskazi, kisha urudie masika mvua ikinyesha. Karatasi zitakudharau.

Ya tatu hawaifikirii mpaka uwaambie: makuti. Cheche moja ikianguka kwenye paa la makuti siku ya upepo, mtaa mzima unatoka na ndoo. Nyumba zetu za mawe zitavumilia, lakini yaliyo juu yake hayatavumilia. Kwa hiyo Static wa Lamu angelazimika kupigana chini, vichochoroni, mahali ambapo watu wawili wakipishana mmoja hugeuka ubavu, na punda mwenye mzigo wa matofali hampishi mtu. Kisahani chake hakipiti pale kwa kasi. Mvulana mmoja alipendekeza arukie upande wa bahari, akafika nusu ya sentensi akakumbuka shida ya kwanza.

Mimi nasema angeweza, lakini Shela ingemfaa zaidi, kule kwenye vilima vya mchanga, ambako ana nafasi ya kukosea.

Static na Fumo Liyongo, nani angeshinda?

Nilijua litakuja. Tulieni.

Kwa wasomaji wa mbali: Liyongo ndiye shujaa wa pwani hii. Jitu, mshairi na mpiga upinde, ambaye mapokeo yanamweka kati ya Pate na mlango wa Mto Tana, na kaburi lake linasemekana liko Kipini. Muhamadi Kijumwa wa hapa Lamu aliyaandika maisha yake kwa utenzi mwaka 1913. Mfalme wa Pate alimwogopa, akamfunga. Liyongo akamtuma kijakazi Saada kwa mamaye, kwa maneno ya nyimbo ambayo walinzi hawakuyaelewa, na mama akaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa. Mikate myeupe walinzi waliila wenyewe, ule wa wishwa wakaudharau na kumwachia mfungwa. Akakata minyororo huku nje ngoma inarindima. Silaha hazikumuua. Kilichomuua ni sindano ya shaba kitovuni, na aliyeidunga ni mwanawe, aliyeahidiwa mke na cheo.

Kambi ya Liyongo inasema umeme ni silaha kama silaha nyingine, hautamfanya kitu. Kambi ya Static inajibu: shaba ndiyo iliyomo ndani ya waya wa stima, na bwana wa waya ni nani? Hoja hiyo ni nzuri kuliko inavyosikika. Shaba haivutwi na sumaku kama chuma, kwa hivyo Static hawezi kuiita sindano ije mkononi mwake kirahisi, lakini inapitisha umeme kuliko karibu madini yote. Angeweza kuutuma umeme kupitia sindano iliyokwisha kushikwa na mtu mwingine. Kambi ya Liyongo hapo hunyamaza kidogo, kisha inauliza ni nani atakayemsogelea Liyongo na sindano akiwa macho. Wanarudi mwanzo.

Lakini mnauliza swali la mwereka, na hii ni habari ya makutano. Katika makutano mashujaa hupigana mara moja tu, mwanzoni, kwa kutoelewana, kisha wanagundua adui ni mmoja. Basi tukitunge vizuri. Mahali ni Pate, kwa hiyo mwenyeji ni Liyongo. Mgeni ni Static. Adui mgeni ni Joker, na kazi yake tunaijua: kwenye "World's Finest", makutano ya Batman na Superman ya mwaka 1997, alimwendea tajiri Lex Luthor akajitolea kumuua Superman kwa dola bilioni moja. Hapa anamwendea mfalme wa Pate na bei yake. Halafu, kama alivyofanya Dakota, anatafuta kijana aliyekatwa tamaa ili amfanye chombo. Yuko mmoja tu. Ni mwana wa Liyongo.

Hapo ndipo Static anapopata kazi ambayo Liyongo, kwa ukubwa wake wote, haiwezi. Baba hawezi kuuona usaliti ukimjia kutoka chumba cha pili. Kijana wa rika lile anauona. Static hapigani na mtoto yule, anakaa naye, anamsikiliza akilalamika jinsi ilivyo kuwa mtoto wa mtu ambaye nyimbo zote ni zake. Kama sindano inafika au haifiki, hilo waachieni watoto wa Langoni, wana miisho minne tofauti na kila mmoja wanauapia.

Ninachokitaka kibaki, hata wakibadilisha mengine yote, ni mkate wa wishwa. Static aliye na umeme wa kuyeyusha minyororo asiruhusiwe kuuharibu ule mkate.

Je, kuna kipindi ambacho Static anakuja Afrika?

Kipo, "Static in Africa", msimu wa tatu, mwaka 2003. Familia ya Hawkins inakwenda Ghana. Virgil anakutana na Anansi, shujaa mwenye nguvu za buibui, na adui yao ni Osebo, chui. Anansi si wa kampuni yoyote: ni buibui mjanja wa ngano za Waakan, ndugu wa sungura wetu kwa tabia. Ndani ya katuni amefanywa shujaa ambaye nguvu zake zinarithishwa kizazi hadi kizazi.

Kwa vipimo vya mashabiki hayo si makutano, kwa kuwa Anansi hakuwa na mfululizo wake wa televisheni. Nakataa. Alikuwa na hadithi zake kabla televisheni haijabuniwa, na anaingia kwenye kipindi akiwa mwenyeji, ardhi ni yake, sheria ni zake, na mgeni Mmarekani anafundishwa. Kuna mahali Virgil anatembea mjini na kugundua kwamba hapa yeye si mtoto mweusi, ni mtoto tu. Watoto wetu hawakishiki kipande hicho, maana hawajawahi kuwa kingine. Wazazi waliowahi kufanya kazi Ulaya au Uarabuni wanakishika mara moja.

Katika msimu wa nne, "Out of Africa", Anansi anarudisha ziara kwa kwenda Dakota. Adabu ni hiyo.

Kwa nini Spider-Man haji kuonana na Static?

Wenyewe ni wawili. Static na Batman wako upande wa Warner, Spider-Man ni wa Marvel, kampuni shindani ya DC. Kuwakutanisha kunahitaji mawakili kabla ya wachoraji.

Hata ndani ya nyumba moja kuna gharama. Mwaka 1995 katuni ya Spider-Man iliwakaribisha X-Men, kundi jingine la mashujaa, katika "The Mutant Agenda". Wote ni wa Marvel, lakini sauti za X-Men zilirekodiwa Toronto, Kanada, na za Spider-Man zilirekodiwa Los Angeles, hivyo waigizaji wakabidi wasafirishwe. Umiliki ukibadilika, mambo yanabadilika: Disney iliinunua Marvel mwaka 2009, na mwaka 2013 mashujaa wa Marvel wakatokea kwenye katuni ya Disney ya Phineas na Ferb. Mtoto anaona muujiza, mhasibu anaona hati ya mauzo.

Batman aliwahi kukutana na nani wa ajabu zaidi?

Scooby-Doo, mwaka 1972. Ndiyo, yule mbwa. Ni kipindi cha kuchekesha na hatuoni aibu kukionyesha.

Ni kweli sauti ya Static ndiyo ya Green Lantern?

Ni kweli. Phil LaMarr aliigiza sauti ya Virgil na pia ya John Stewart, yule Green Lantern wa Justice League. Kwenye "Fallen Hero" fumba macho usikilize, utamsikia mtu mmoja akijibizana mwenyewe, na bado utawatofautisha. Conroy, sauti ya Batman, alifariki Novemba 2022. McDuffie, mmoja wa waliomzaa Static, alitangulia Februari 2011.

Mnaonyesha kwa lugha gani?

Kiingereza kwenye spika, Kiswahili kwa mdomo. Mmoja wetu husimama kando ya shuka akifasiri na kuongeza chumvi, mtindo ambao DJ Afro ameuzoesha Kenya nzima. Joker kwetu anaongea kwa lafudhi ya dalali wa viwanja.

Mambo haya si uchawi? Na madrasa je?

Swali la heshima, nalijibu kwa heshima. Nguvu za Static chanzo chake ni ajali ya kemikali, hakuna kuomba pepo wala hirizi. Ile ya Anansi ina kito cha buibui cha kurithi, na mzazi asiyeipenda atuambie, tutaiacha siku mtoto wake yupo. Kuhusu wakati: hatuwashi projekta kabla madrasa hayajatoka, na Magharibi ikiadhiniwa tunazima hata kama Joker yuko katikati ya sentensi. Watoto wanalalamika. Wanalalamika kila siku.

Mwanangu ana miaka minne. Nimlete?

Mlete kwa cha Scooby-Doo. Kwa "The Big Leagues" mngoje afike sita au saba. Kupigana hakumtishi mtoto mdogo, kinachomtisha ni kile kicheko, na atakukumbusha saa nane za usiku.

Baada ya kuangalia, wangu alitia msumari kwenye soketi. Mnasemaje?

Tunasema kabla ya kila kipindi, na tunasema tena: Static ni mchoro. Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240 na inaua, mkono ukiwa na maji ndiyo zaidi. Hatuanzi mpaka kila mtoto awe amerudia maneno hayo kwa sauti. Mifuniko ya sufuria nayo si ya kurukia darini, na mama mmoja wa Mkomani bado anatudai wa kwake.

Tuanze na kipi tukiwa na siku moja tu?

"Shock to the System", kisha "The Big Leagues", kisha "Static in Africa". Mkibakiwa na muda, "Future Shock". Cha Superman mkikikosa hamjakosa.

Stima ikipotea katikati je?

Aliyekwisha kukiona anasimama mbele ya shuka na kukimalizia kwa mdomo, waliobaki wanaruhusiwa kumsahihisha. Siku moja stima ilirudi msimuliaji akiwa katikati ya mapigano, tukapiga kura, na projekta ikashindwa.